Shangazi na Mawe ya Mwambani

"Rudi ukalirudishe."

"Shangazi, maji yameanza kujaa."

"Maji nayaona. Nimekua nikiyaona. Rudi ukalirudishe hilo jiwe, na la pili yake, na lile la kwenye kidimbwi. Yote matatu umeyaacha miguu juu kama kuku waliochinjwa."

"Nitayarudisha kesho."

"Kesho samaki watakuwa wamekula kila kilichojificha chini yake, na jua limemalizia kilichobaki. Rudi sasa hivi."

Msichana hakurudi. Alisimama pale pale kwenye mwamba, ndoo mkononi, akiangalia pembeni. Wanawake wanne waliokuwa wakitoka baharini pamoja nao walisimama kusikiliza, maana ugomvi wa wengine haupitwi hivi hivi. Mmoja wao, mama mnene apendaye kucheka, akasema, "Mwache mtoto, dada. Wewe haya mawe ipo siku utayapelekea uji."

Wenzake wakacheka. Msichana naye, kwa kuwa alikuwa na hasira, na kwa kuwa amepata wa kumuunga mkono, akasema neno ambalo asingelisema wakiwa wawili tu.

"Ni kweli. Shangazi anayahurumia mawe kuliko watu. Ndiyo maana nyumbani kwake anakaa peke yake."

Kicheko kikakatika. Kila mtu kijijini alijua kwamba shangazi hakujaliwa mtoto, na kwamba mume wake alihamia kwa mke mwingine kwa sababu hiyo. Walijua, lakini hakuna aliyewahi kumwambia usoni.

Shangazi akaweka ndoo yake chini. Akajifunga kanga upya kiunoni, ingawa haikuwa imelegea.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini pale, hata ukaacha mawe matatu?" akauliza. Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa unasinzia? Au kifafa chako kimekuanza tena?"

Maji yalikuwa yakiingia kwenye matundu ya mwamba, na kila tundu likitoa mlio wake.

Ndugu zangu, neno limeshatoka, halirudi. Tuliache hapo kidogo, niwaambie hawa ni nani na neno lile lilitoka wapi, ili tusije tukamhukumu mtu kwa dakika moja ya maisha yake.

Kijiji chao kilikuwa kwenye pwani ya mawe matupu. Hakuna mchanga wa kukalia wala mahali pazuri pa kuegesha chombo. Kuna mwamba mpana uliotoboka toboka, na juu ya mwamba mawe makubwa kwa madogo, yametawanyika mpaka yanakoishia kwenye maji ya buluu. Wanaume waliokuwa na vyombo walivua mbali. Wanawake walingoja maji yakipwa, wakashuka mwambani kwa miguu, wakatafuta vitu vidogo vidogo: kome, kaa wasiozidi kiganja, vipweza vya kujificha, na samaki wa urefu wa kidole wanaobaki kwenye vidimbwi. Siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali zaidi, walikuwa wakipata vitoweo vya kutosha na ziada ya kukausha.

Kazi yenyewe ni kuinama na kupindua mawe. Na ilikuwa na sheria moja, haikuandikwa popote. Ukipindua jiwe, chukua riziki yako, kisha lirudishe lilivyokuwa. Tumbo chini, mgongo juu. Kwa sababu chini ya jiwe kuna giza na unyevu, na ndani ya giza lile kuna mayai yaliyoning'inia kama punje za mchele, na vidudu visivyo na ganda, na vitoto vya kaa ambavyo bado ni laini. Vyote hivyo vinaishi kwa sababu vimefunikwa. Ukiliacha jiwe wazi, hukuua kwa kisu wala kwa mkuki. Umeondoka tu, na jua limefanya kazi.

Shangazi ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria hiyo. Alikuwa akitembea nyuma ya wenzake akiangalia, na akiona jiwe limelala chali, alimwita aliyeliacha kwa jina, hata kama ni mke wa mkubwa gani. Wengine walimcheka, wengine walimchukia, lakini mwamba wao haukuwahi kukosa kitu, na kwenye vijiji vya jirani watu walikuwa wameshaanza kurudi na ndoo tupu.

Yule msichana alikuwa binti wa kaka yake. Mama yake alifariki msichana akiwa na umri wa miaka sita, na baba yake alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kwenda popote ila kutoka kitandani mpaka barazani. Shangazi ndiye aliyemfundisha kutembea mwambani bila kuchomwa na miiba, kuvuta kipweza bila kukikata, kusikiliza maji yanapogeuka. Msichana alipofika umri wa kujitegemea, ndiye aliyekuwa akimlisha baba yake kwa alichokipata kwenye mawe. Ndoo yake ikirudi tupu, nyumba ile ililala na uji mweupe.

Sasa sikilizeni. Miaka miwili kabla ya ugomvi ule, shangazi na msichana walikuwa mwambani wawili tu. Msichana akainua kichwa, akasema, "Shangazi, nasikia harufu ya kitu kinaungua." Hapakuwa na kitu kinachoungua. Kabla shangazi hajajibu, msichana akaanguka ndani ya kidimbwi, mwili umekakamaa, meno yamebana, uso uko majini. Shangazi akamvuta kwa kanga. Akamlaza ubavu, akamshika kichwa kisigonge mwamba, akangoja mpaka mwili ukatulia.

Kwenye zahanati daktari akampa vidonge vya kunywa kila siku. Akamwambia shangazi pia, taratibu, kama mtu anayempa mtu mzigo: "Huyu asiwe peke yake kwenye maji, wala kwenye moto. Mtu mmoja tu akiwa karibu, anaishi kama watu wengine."

Njiani wakirudi msichana akalia. "Shangazi, usimwambie mtu. Wakijua, hakuna atakayekaa na mimi."

"Baba yako lazima ajue."

"Baba sawa. Wengine hapana."

"Nani kasema nitawaambia wengine? Mimi nina kinywa cha kuku, kila kitu nakimwaga?"

Na shangazi alitimiza ahadi yake, lazima tumpe haki yake. Kwa miaka miwili alifanya kazi hatua kumi tu kutoka alipo yule msichana. Msichana akisikia harufu ya kuungua, alikuwa anakuja na kukaa chini mbele ya shangazi bila kusema neno, na shangazi anamfunika kanga kichwani, anamzuia kwa mgongo wake wenzake wasione. "Kichwa kinamuuma," anawaambia. "Jua kali." Wanawake waliamini. Mara tatu hali ile ilimpata mwambani, na mara tatu ilipita chini ya kanga ya shangazi.

Basi siku ya ugomvi ilikuwaje? Vidonge vilikuwa vimekwisha zahanati, wameambiwa warudi baada ya wiki mbili. Shangazi siku hiyo alikuwa amekwenda pamoja na wenzake mbali kidogo na msichana, maana kulikuwa na kidimbwi chenye samaki wengi na mazungumzo yalikuwa matamu. Msichana, peke yake kwenye mawe yake, akasikia harufu. Akaangalia huku na huku, shangazi yuko mbali. Akaacha mawe matatu yakiwa yamepinduliwa, akakimbilia mahali pakavu palipoinuka, akajilaza, akashika mwamba kwa mikono miwili. Hali ile haikumfikia. Ilimpitia kwa juu ikaondoka. Alipoinuka, wenzake walikuwa tayari wanatoka, na shangazi anamwita kwa hasira kuhusu mawe.

Angesema nini, na wanawake wanne wamesimama? Akasema atayarudisha kesho.

Shangazi hakulijua hilo mpaka neno lilipokwisha kumtoka. Alipomwangalia msichana usoni ndipo alipoona alama ya mwamba kwenye shavu, mikwaruzo midogo midogo, ndipo akaelewa yote. Lakini ulimi ulikuwa umeshafika.

Msichana hakulia, wala hakukana. Aligeuka akarudi kwenye mawe. Maji yalikuwa yamefika magotini. Akayarudisha yote matatu, moja moja, akilala kifudifudi kulifikia lile la kidimbwini. Je, shangazi alimfuata? Alitaka. Mguu mmoja ulikwisha kunyanyuka. Lakini wanawake wanne walikuwa wanamwangalia, na alishindwa afanye uso gani mbele yao. Akachukua ndoo yake akaondoka pamoja nao.

Hatujafika mbali bado, ndugu zangu. Kosa la ulimi ni kubwa, lakini lingeweza kurekebishwa jioni ile ile kwa maneno matatu. Hebu tazameni kilichofuata.

Kesho yake msichana alishuka mwambani kama kawaida. Hakuna aliyemtukana. Kama wangemtukana ingekuwa afadhali, angejua pa kujibu. Walimsalimia vizuri. Kisha mmoja akasema, "Sisi leo tunakwenda upande wa kule, mawe ya huko ni mabaya, wewe baki huku." Wakaenda upande wa kule, ambako mawe yalikuwa yale yale. Saa ya kupumzika, msichana akamwendea yule mama mnene, ambaye siku zote walikuwa wakinywa maji kwenye chupa moja, akanyoosha mkono.

"Maji yamekwisha, mwanangu," mama mnene akasema.

Chupa ilikuwa nusu. Maji yalionekana yakicheza ndani. Msichana akaangalia chupa, akaangalia bahari, akasema, "Haya," akarudi kwenye mawe yake.

Unajua walichokuwa wakiogopa? Walikuwa wakiamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe unakipata. Bibi zao waliwaambia, na bibi zao waliambiwa na bibi zao. Ni uongo. Hakuna aliyewahi kuambukizwa kifafa kwa povu, wala kwa chupa, wala kwa kukaa karibu. Lakini uongo wa zamani una heshima ya mzee, hakuna anayetaka kumwambia anyamaze.

Siku ya tatu wakashuka mapema bila kumwita.

Na shangazi? Shangazi alikuwa nyumbani. Hakushuka mwambani siku ya pili wala ya tatu. Aliwaambia watu mgongo unamsumbua. Ukweli ni kwamba alikuwa na haya, na ninyi mnajua mtu mwenye haya anavyofanya. Hasemi nimekosa. Hununa. Hutafuta kosa la mwenzake, akalikumbatia kama mto wa kulalia. Kila alipokumbuka neno lake mwenyewe alikimbilia neno la msichana: nyumbani kwake anakaa peke yake. Akaliweka mbele, akajificha nyuma yake.

Kaka yake, asiyevuka baraza siku zote, akajikokota mpaka kwake siku ya tatu mchana, akiegemea fimbo, akipumzika kila hatua chache.

"Dada, mtoto anasema mmegombana."

"Hatukugombana. Alinitukana mbele ya watu."

"Na wewe?"

"Mimi nilisema ukweli."

"Ukweli ule hata mimi nilikuwa nao miaka miwili. Sikuona unanidai niutoe." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Kesho maji yanakwenda mbali sana. Nimemwambia asishuke peke yake. Amenijibu, tutakula nini? Nenda kamwambie neno moja tu."

"Aje yeye kwanza. Mimi ni shangazi yake."

Mzee akaangalia miguu yake iliyovimba. "Ningekuwa nayo ya kwendea," akasema, "nisingekuja kukuomba wewe." Akainuka akarudi kwake kama alivyokuja.

Asubuhi ya siku ya nne shangazi alikuwa amekaa chini ndani kwake, anachagua mchele kwenye ungo. Akasikia hodi. Aliijua sauti. Akaacha kuchagua. Mwanga ulikuwa unapenya chini ya mlango na kuangukia miguu yake, naye akairudisha miguu nyuma polepole, isionekane. Hodi ikapigwa tena. Akashika pumzi. Msichana alisema maneno machache pale mlangoni, kwa sauti ya kawaida, kama anayejua fika kwamba ndani kuna mtu. Kisha akangoja. Shangazi alisikia ndoo ikigonga goti lake kila alipobadilisha mguu. Kisha hatua zikaondoka.

Maneno hayo siwaambii sasa. Shangazi mwenyewe alikaa nayo mwaka mzima bila kumwambia mtu.

Mnadhani alikuwa na moyo wa jiwe? Hapana. Alikuwa anasubiri hodi ya tatu. Alikuwa ameshaamua kabisa kwamba ikipigwa ya tatu, atafungua. Wangapi kati yetu tumekaa nyuma ya mlango, tumeshasamehe, tumeshajuta, tunasubiri tu mwenzetu agonge mara moja zaidi?

Haikupigwa. Akamaliza kuchagua mchele. Akafagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Jua lilipopanda akashindwa kukaa, akachukua ndoo, akashuka mwambani kwa njia ya nyuma, asionane na watu.

Alikuwa na mpango. Atatafuta jiwe moja ambalo msichana ameliacha vibaya, moja tu, kisha atamwita kwa ukali, "Hili nani kaliacha hivi?" Msichana atajibu, naye atajibu, na ugomvi wa mawe utawarudisha kwenye mazungumzo. Kukaripia ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumwambia mtu kwamba anampenda. Hakufundishwa nyingine.

Akatembea akikagua. Aliweza kujua mawe yaliyoguswa siku hiyo, kwa sababu pembeni mwayo tope lilikuwa bado limetibuka. Jiwe la kwanza lilikuwa sawa. La pili sawa. Akapita ishirini, akapita thelathini. Kila jiwe limelazwa tumbo chini, mengine yamebanwa vizuri kwa vijiwe vidogo yasiyumbe, kazi ambayo hata yeye mwenyewe hakuwa na subira ya kuifanya. Mbali, upande wa kule, wanawake wanne walionekana wameinama, migongo yao midogo kama vidoti. Hawakuwa mbali kiasi cha kutosikia sauti. Walikuwa mbali kiasi cha kutoona.

Kisha akaliona jiwe lililosimama kwa ubavu, halikulala huku wala kule, kama lililoachiwa katikati ya kurudishwa. Akafungua kinywa kuita.

Msichana alikuwa nyuma ya jiwe hilo, kwenye kidimbwi. Kilikuwa kidimbwi kidogo, mtoto wa miaka miwili angeweza kukivuka. Maji yake yalifika kwenye kifundo cha mguu. Lakini uso wa mtu aliyelala kifudifudi hauhitaji maji zaidi ya hayo. Samaki wadogo wa urefu wa kidole walikuwa wameshamzoea, wanapita kati ya vidole vyake.

Shangazi akamvuta kwa kanga, kama alivyofanya mara ya kwanza. Akamlaza ubavu. Akamshika kichwa kisigonge mwamba. Akangoja mwili utulie, lakini mwili ulikuwa umetulia zamani. Akaendelea kungoja mpaka maji yanayojaa yakamfika kiunoni, na wale wanawake wanne walipokuwa wanatoka ndipo walipomkuta amekaa hivyo, hataki kumwachia.

Walimbeba wote. Hata yule mama mnene alimbeba, upande wa kichwa. Na jioni wakati wa kumwosha, yeye ndiye aliyemfuta kinywa, kwa mikono mitupu, ile ile iliyomnyima chupa. Hakukumbuka kuogopa povu. Maiti haiogopwi na mtu. Maiti haitaki kukaa karibu nawe kesho.

Sasa ndugu zangu, nawauliza, nani alimuua msichana yule?

Usinijibu haraka kwamba ni kifafa. Kifafa alikuwa nacho miaka miwili na alikuwa hai, kwa sababu kulikuwa na kanga moja na mgongo mmoja. Usiniambie ni ulimi wa shangazi peke yake. Mimi naweza hata kumtetea shangazi kwa jambo moja: labda wale wanawake walipaswa kujua. Kama wangejua kwa wema, wangekuwa macho mengi badala ya mawili. Siri nyingine ni nzito kwa mtu mmoja, na si kila anayefunua ni adui. Jiwe linapinduliwa kila siku. Bila kupindua hakuna anayekula.

Kosa lilikuwa lile lililofuata. Msichana alifunuliwa, kisha kila mtu akachukua ndoo yake akaondoka. Shangazi aliondoka kwa sababu ya haya, wale wanne waliondoka kwa sababu ya hofu, na hakuna kati yao aliyetaka afe. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Waliondoka tu, na jua likafanya kazi.

Na sisi je? Sisi tuliokaa hapa kwa adabu, tumevaa vizuri? Kwenye mtaa wetu tunamjua mama aliyeachika na tunajua sababu. Tunamjua kijana aliyetoka jela. Tunayo habari ya nyumba ambayo mtoto wao hatolewi nje watu wasimwone, na ya mwanamke anayekwenda kliniki ya mbali ili asionane na majirani. Habari zote hizi tunazo. Zilifikaje kwetu? Mtu alipindua jiwe, akaita wenzake waje kuona, na sisi tukaja. Tulitazama tukatikisa vichwa. Tulisema, "Mungu atusaidie," kisha tukarudi majumbani kwetu kula.

Nani alibaki? Ndilo swali ambalo Mola atatuuliza. Hatatuuliza tu, ulisema nini juu ya mwenzako. Atatuuliza, ulipokwisha kujua, ulikaa wapi? Hatua kumi kutoka kwake, au upande wa kule?

Wapo humu ndani watu wenye haya kama ya shangazi. Umemkosea mtu, unajua umemkosea, na unangoja aje yeye kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa, au kwa sababu naye alikuwa na neno lake. Huenda alikwisha kuja, akapiga hodi, nawe ukarudisha miguu nyuma. Nakusihi, usingoje hodi ya tatu. Wengine wana nguvu za hodi mbili tu.

Shangazi bado yuko. Ni mzee sasa. Hashuki tena mwambani; anakaa barazani kwa kaka yake, anampikia, anamkanda miguu. Mwaka ulipotimia tangu msiba, wanawake walikusanyika kumwombea marehemu, na katikati ya dua akawaomba wanyamaze, akawaambia yale maneno aliyoyasikia mlangoni asubuhi ile. Aliyasema polepole, akiangalia sakafu, na alipomaliza mama mnene alitoka nje na hakurudi. Tangu siku hiyo, kwenye mwamba ule hakuna anayeshuka peke yake, awe mzima au mgonjwa, awe amegombana na nani.

Nami nitawaachia hayo hayo, sitaongeza langu. Kila mmoja wetu atakapotoka hapa, aende nayo mpaka kwenye mlango anaoujua yeye. Msichana hakusema nisamehe, wala hakudai kuombwa radhi. Alipiga hodi mara mbili, akangoja, akasema:

"Shangazi, si lazima tuongee. Njoo tu ukae mahali unaponiona."